Jamani, Hii Programu Inajua Ushukie Wapi!

Nianze na mtetemo, maana ndio ulionimaliza. Uko ndani ya basi kwenye mji usioujua, kituo chako hujui hata kina sura gani. Kabla hujafika, simu inatetema mkononi: jiandae kushuka. Basi! Ni konda asiyesahau, hata gari likijaa mpaka mlangoni. Programu yenyewe inaitwa Moovit. Najua wenzetu wa miji mikubwa wameizoea siku nyingi, lakini mimi wa Kigoma ndiyo kwanza naifungua, kwa hiyo mnivumilie nipige kelele kidogo.

Nikiwa hapa Mwanga, makonda wakigombea abiria wa Ujiji nyuma yangu, nimeipeleka simu London. Nikaiambia: nitoe King's Cross, nifikishe Greenwich. Papo hapo safari zikajipanga. Panda treni ya chini ya ardhi ya Northern mpaka Bank, badili, ingia treni nyepesi ya DLR. Hutaki hiyo? Kuna nyingine, na nyingine tena chini yake. Kila moja imeandikwa utabadili mara ngapi, utatembea kiasi gani, na utafika saa ngapi. Utafika, siyo utaondoka! Hebu litazame hilo kwa macho ya mtu wa mwambao huu. Ukienda Kibirizi ukauliza boti inaondoka saa ngapi, jibu unalijua: ikijaa. Ya kufika hata huulizi, utaonekana mgeni.

Sasa kampuni yenyewe. Ilianza huko Israel, programu ikaingia sokoni mwaka 2012, na Mei 2020 Intel wakainunua kwa takriban dola milioni 900. Miaka minane tu! Siku inanunuliwa, hesabu iliyotangazwa ilikuwa watumiaji zaidi ya milioni 800, miji 3,100, nchi 102. Nilipoziona tarakimu hizo nilidhani kuna hesabu ya ajabu imefichwa mahali. Hesabu ipo, nitaifikia, lakini kilichoikuza ni watu. Mji usiokuwa na ratiba iliyoandikwa, wakazi wake wenyewe waliingia kwa hiari, wakaweka vituo, wakasahihisha njia, wakatoa taarifa basi likihamishwa barabara. Kampuni ikapata ramani za miji ambako haijawahi kutuma mtu wake.

Hata hivyo ramani hizo zisingesomeka bila kitu kimoja kidogo sana, na hapa ndipo mimi mpenda mitambo nachanganyikiwa kwa furaha. Mwaka 2005 shirika la usafiri la Portland, Marekani, lilikaa na Google wakakubaliana namna moja ya kuandika ratiba. Ukifungua mzigo wao unakuta mafaili ya maandishi ya kawaida, koma kwa koma: hili la vituo, lile la njia, lile la safari, lile la saa za kupita kila kituo. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kuyaandika kwenye kompyuta ya shule. Na lipo faili la kusema tu kwamba gari hupita kila baada ya dakika kadhaa, bila saa kamili. Daladala ya Ujiji ingeingia humo leo hii.

Na usiseme hayo ni ya Wazungu. Nairobi walishafanya. Kuanzia 2012 Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na wenzao wa MIT na Columbia waliwapandisha wanafunzi kwenye matatu, simu mkononi, wakirekodi kila kituo, pamoja na vile visivyo na kibao. Mradi uliitwa Digital Matatus. Januari 2014 wakatoa ramani ya njia zaidi ya 130, na mwaka uliofuata matatu zikaonekana ndani ya Google Maps. Matatu! Gari ambalo watu waliapa kwamba halina mpangilio, kumbe mpangilio lilikuwa nao, ila ulikuwa vichwani mwa makonda.

Turudi kwenye hesabu niliyoahidi. Mwaka 2012 huohuo watafiti wa Microsoft walichapisha mbinu waliyoiita RAPTOR. Siijui ya ndani ya Moovit, lakini hii iko wazi kwa yeyote, na nimeijaribu kwa kalamu na karatasi. Inakwenda kwa mizunguko. Mzunguko wa kwanza unauliza: ukipanda chombo kimoja tu, unafika wapi? Chukua Ujiji. Chombo kimoja kinakupa Mwanga, Kigoma mjini na vituo vyote vya njiani. Mzunguko wa pili unaanzia popote ulipokwishafika: bajaji ya Kibirizi, au treni kutoka stesheni ya Kigoma, na treni hiyo peke yake inakufungulia Uvinza, Kaliua, Tabora, Dodoma. Mzunguko wa tatu: Kibirizi inakupa boti za kaskazini upande wa Gombe, Kaliua inakupa tawi la Mpanda, Tabora inakupa Mwanza, na Dodoma inakupa treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kwenda Dar es Salaam mwaka 2024. Mizunguko mitatu, na mama wa Ujiji na ndoo yake ya mawese kaiona bahari! Kila mzunguko unatunza saa ya mapema zaidi ya kufika kila kituo, ile ya kuchelewa inafutwa. Nilicheka peke yangu.

Kuna pahali panapoikwamisha, nakubali. Reli ilifika hapa mwaka 1914 na ratiba yake, kwa hiyo treni ni rahisi. Ziwa ndilo gumu. Liemba, meli iliyozinduliwa hapahapa Kigoma mwaka 1915, katika safari zake za kwenda Mpulungu, Zambia, ilisimama kwenye vijiji vingi visivyo na gati. Meli ilipiga honi gizani, mitumbwi ikaikimbilia, abiria wakapanda ubavuni na magunia yao na kuku. Kituo hicho utakiandikaje kwenye faili? Kina latitudo na longitudo, sawa, lakini saa yake inategemea mzigo wa kijiji kilichotangulia. Na boti za mbao zinasikiliza upepo kwanza. Programu inayoahidi saa moja kamili hapa itawakasirisha watu ndani ya wiki moja. Inayosema kati ya saa nane na saa kumi itaaminiwa.

Biashara nayo si mchezo. WhereIsMyTransport ya Cape Town ilichora usafiri wa miji mingi ya Afrika kwa ustadi mkubwa, na mwaka 2023 ikafunga. Ramani za daladala ni ghali kuzitunza, kwa sababu njia zinabadilika na abiria hana cha ziada cha kulipa baada ya nauli na bando.

Lakini mimi bado nimewaka! Ningeanza na njia ya Ujiji, Mwanga hadi Kigoma mjini: wanafunzi wawili, simu mbili, Jumamosi. Halafu Gungu na stendi ya Masanga, yalipo mabasi ya Kasulu na Kibondo. Kibirizi ningeiweka mwisho, maana pale wanaojua boti ipi inakaribia kujaa ni wapakiaji, na hao kabla hawajakujibu watauliza wao wanapata nini. Acha waulize. Moovit iliuzwa kwa dola milioni 900, na watu waliojitolea kuweka vituo waliviweka bure.