Nasaba ni Hoja: Livingstone na Tippu Tip katika Njia ya Tabora

Sisi wanafunzi wa fasihi tuna tabia moja mbaya. Tukishika tawasifu, kurasa za mababu tunaziruka. Eti ni mambo ya ukoo tu, tunakimbilia safari na vita! Katika makala hii nadai kwamba nasaba ndani ya tawasifu ni hoja: imechaguliwa, imepangwa, na ina mtu inayetaka kumshawishi. Mifano yangu ni vitabu viwili vya watu waliopita Unyanyembe, yaani Tabora na viunga vyake, enzi za misafara.

Tuanze na mgeni. David Livingstone, Mskoti, alikaa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, kwa miezi kadhaa mwaka 1872. Kitabu chake Missionary Travels kilikuwa kimeshatoka tangu 1857, nacho kinafunguliwa kwa ukoo. Baba wa babu yake aliuawa Culloden mwaka 1746 akiwapigania wafalme wa nasaba ya zamani. Babu yake alikuwa mkulima mdogo wa kisiwa cha Ulva, mjuzi wa habari za vizazi sita, kabla familia haijahamia Blantyre kwenye viwanda vya pamba. Tena yumo mzee wa ukoo anayewausia wanawe, karibu na kufa, wawe watu waaminifu.

Kwa nini usia huo? Livingstone hana cheo wala mali ya kurithi. Baada ya Culloden serikali iliwanyang'anya wakuu wa koo za Uskoti mamlaka ya kuhukumu watu wao, na vazi lao likapigwa marufuku hadi 1782. Hata jina lenyewe lina historia yake, kwani wengi wa ukoo wa MacLeay walichukua jina la Livingstone. Kilichobaki ni maneno, basi mwandishi anayageuza kuwa urithi. Msafiri anayeleta habari ambazo msomaji wa London hawezi kuzihakiki anahitaji kuaminiwa, na hapo ukoo wa waaminifu unamtolea ushahidi. Fani na lengo vimeshikana barabara.

Sasa tumgeukie mwenyeji wa njia hii. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu, na Heinrich Brode akayachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Ukimsoma kwa makini, kumbe bwana huyu hana nasaba moja, anazo tatu! Kwa watu wa Unguja na Omani ni mwana wa Muhammed bin Juma, el Murjebi, na hiyo ni nasaba ya baba. Kwa Tabora anataja ndoa: baba yake alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Tippu Tip si mtoto wa Karunde, lakini ndoa ile iliwaweka karibu na utemi, kwa hiyo inafaa kutajwa. Kwa Kasongo Rushie, mtawala wa Utetera huko Kongo, anatoa nasaba ya upande wa mama. Anatusimulia kisa cha dada wa Kasongo waliotekwa zamani, kisha anasimulia alivyojitambulisha kuwa yeye ni mjukuu wa mmoja wao. Mzee akampokea kama damu yake na kumwachia utawala.

Wapo wenzangu watakaosema: huo ni uongo mtupu, kuna nini cha kuhakiki? Nawajibu kwamba mhakiki hafungi kazi akishasema "uongo". Lazima aulize uongo huo umejengwa kwa tofali gani. Hapa tofali lenyewe ni mwanamke mateka. Mfanyabiashara wa pembe na watumwa anapanda kwenye kiti cha enzi kwa ngazi ya bibi aliyetekwa! Utekaji uliomkatia mwanamke yule ukoo wake ndio unaompa Tippu Tip ukoo mpya. Nionavyo mimi, kinaya hiki ndicho kiini cha kitabu kizima, ingawa msimuliaji anakipita bila kugeuka nyuma.

Ndiyo maana ukimya una uzito sawa na majina. Karunde ni binti wa fulani na mke wa fulani, basi. Sauti yake hatuisikii. Na upande wa Livingstone, maiti yake ilipitishwa Unyanyembe mwaka 1873 ikielekea pwani, mikononi mwa kina Susi na Chuma. Yeye tunamjua hadi kwa babu aliyekufa Culloden. Chuma, Myao, anaingia katika maandishi kuanzia siku alipookolewa kwenye msafara wa watumwa mwaka 1861. Kabla ya hapo alikuwa na mama, wajomba na mababu kama mtu yeyote, ila hakuna aliyewahitaji katika hoja yake.

Basi, ndugu zangu mtakaokwenda Tabora kukusanya masimulizi ya koo, msiridhike na orodha ya "fulani bin fulani". Ulizeni orodha hiyo inasimuliwa mbele ya nani, na kwa faida ya nani. Halafu muulize habari za bibi aliyetoka mbali, yule ambaye wazee wakifika kwake hukohoa kidogo na kubadilisha mazungumzo.