Fundi wa Madirisha

Kuna kijana Sinza, Dar es Salaam, anayeandika programu za maduka. Chini ya meza yake ipo kompyuta chakavu yenye RAM ya GB 4, na hiyo ndiyo hakimu wake. Programu haitoki mikononi mwake kabla haijajaribiwa humo. Nilikaa pembeni yake mchana mmoja akiandaa programu ya stoo na mauzo kwa ajili ya duka la dawa. Aliiandika kwa HTML, CSS na JavaScript, lugha zile zile za kurasa za intaneti, kisha akaifunga kwa zana iitwayo Electron ili isimame yenyewe kwenye kompyuta ya muuzaji.

Alitazama namba za kumbukumbu, akanyamaza. Akarudi kwenye msimbo, akapekua, akakuta maktaba nzima iliyoingizwa kwa kazi moja tu ya kupanga tarehe. Akaifuta, tarehe akazipanga kwa uwezo ambao JavaScript inao yenyewe. Ukurasa wa ripoti, uliokuwa ukipakiwa mara tu programu inapofunguka, akauacha usubiri mpaka muuzaji auhitaji. Mauzo akayahifadhi kwenye hifadhidata ya SQLite ndani ya kompyuta ile ile, ili mtandao ukikatika mgonjwa asirudi nyumbani bila dawa. Mwisho akahakikisha kwamba dirisha analoliona muuzaji haligusi mafaili ya kompyuta moja kwa moja. Kila ombi linapita kwenye kijimlango alichokijenga mwenyewe, na kisichoruhusiwa hakipiti. Muuzaji hatayajua hayo hata siku moja. Atakachojua ni kwamba akibonyeza, programu inaitika.

Njia hii ya kujenga programu za kompyuta kwa lugha za tovuti ina umri wake. Tangu Internet Explorer 5 ya mwaka 1999, Microsoft iliruhusu ukurasa wa HTML usimame kama programu kamili. Adobe ikaleta AIR mwaka 2008. Iliyoenea kuliko zote ni Electron, ambayo Cheng Zhao alianza kuijenga GitHub mwaka 2013 ili ibebe Atom, programu ya kuandikia msimbo. Ndani yake mna Chromium, yaani kivinjari kizima, pamoja na Node.js. Baraka yake ni kubwa. Zamani aliyetaka programu yake ifanye kazi kwenye Windows, Mac na Linux mara nyingi alilazimika kujifunza zana za kila upande, au kuajiri watu. Leo aliyejifunza kutengeneza tovuti anaweza kuwafikia wote kwa msimbo mmoja.

Ila neema ikizidi, uangalifu hupungua. Kwa kuwa kila programu ya Electron hubeba kivinjari chake, ni sawa na mgeni anayekuja kukutembelea na jiko, mtungi wa gesi na masufuria yake. Mgeni mmoja atavumilika. Wakifika watano, mwenye nyumba anakosa pa kukaa. Mwaka 2005 Ludvig Strigeus alitoa µTorrent, programu kamili ya kupakulia mafaili, na haikufika hata MB 1. Leo programu ya Electron ya kuandikia orodha ya manunuzi tu inaweza kukalia zaidi ya MB 100 za diski, na anayeipakua kwa bando ndiye anayelipa uzito huo. Aliyeiandika kwenye kompyuta mpya yenye RAM tele hausikii. Anayeusikia ni karani ambaye kompyuta yake inaganda huku foleni ya wateja ikirefuka.

Wengine huilaumu lugha ya JavaScript, lakini lugha haina kosa. Visual Studio Code, programu ya Microsoft ya kuandikia msimbo, imejengwa juu ya Electron hiyo hiyo. Mtumiaji mmoja aliwahi kulalamika kwamba faili lake la MB 35 linaiangusha programu. Mafundi walipochimba wakakuta faili lina mistari milioni 13.7, na kila mstari ulikuwa umetengewa nafasi yake kwenye kumbukumbu. Haba na haba ikafika takriban MB 600. Mwaka 2018 wakaleta mpangilio mpya: maandishi ya awali hayaguswi, yanayoongezwa huwekwa pembeni, na ramani ndogo huonyesha kipande kipi kinafuata kipi. Walifikiria kuhamia C++, wakaona kuvuka huku na huko kati ya lugha mbili kutakula mwendo, wakabaki na JavaScript na kuishughulikia mpaka ikakubali. Huo ndio ufundi ninaousifu: kukaa na zana yako mpaka ujue inaumia wapi.

Atom yenyewe, ambayo Electron ilizaliwa kwa ajili yake, ililalamikiwa sana kwa uzito, na GitHub iliifunga tarehe 15 Desemba 2022. Mwaka huo huo Tauri, zana nyingine ya kazi kama ya Electron, ilifikia toleo la 1.0. Hii hutumia injini ya kivinjari iliyomo tayari kwenye kompyuta, hivyo programu zake huweza kuwa za MB chache tu. Ni hatua njema. Hata hivyo, asiyejali uzito atairundikia nayo maktaba asizozihitaji, na mwisho wake utakuwa ule ule.

Kinachonisikitisha ni kwamba kazi kama ile ya kijana wa Sinza haina wa kuisifu. Mteja huuliza bei na siku ya kukabidhiwa. Haulizi kimepunguzwa nini. Vijana wengi hufundishwa kuongeza, wachache hufundishwa kuondoa. Basi wewe unayeandika programu kwa lugha hizi, kabla hujaitoa itafutie kompyuta dhaifu kuliko zote unazoweza kuazima, uifungue humo, na usiikabidhi mpaka imekwenda vizuri. Anayeitumia kompyuta hiyo kila siku ni mteja wako.