Majira na Umri wa Binadamu katika Mashairi ya John Keats

Kulinganisha umri wa binadamu na majira ya mwaka ni jambo la kale katika ushairi wa Ulaya. Washairi wa Kiromantiki waliirithi sitiari hiyo, kisha wakabadili namna ya kuitumia. Mabadiliko hayo yanaonekana wazi kwa John Keats (1795–1821), aliyeishughulikia mada hii mara mbili kwa ufundi tofauti.

Soneti yake "The Human Seasons", ya mwaka 1818, inalinganisha waziwazi. Nafsi ya mtu imepewa majira manne: machipuko ya kuupokea uzuri, kiangazi cha kuutafakari, mapukutiko ya kutulia na kuridhika, na baridi ya kudhoofika. Maana imekwisha kutajwa, na msomaji hana cha kugundua.

Desemba 1818 Tom, mdogo wake Keats, alifariki kwa kifua kikuu baada ya kuuguzwa na kaka yake huyo, ambaye alikuwa amesomea utabibu London. Septemba 1819, akiwa Winchester, Keats aliandika "To Autumn". Humo hakuna "mimi", wala uzee wa mtu hautajwi. Kazi yote imeachiwa mpangilio.

Shairi lina beti tatu, na nyakati kadhaa zinasonga ndani yake kwa pamoja. Majira yanatoka kwenye kuiva, yanapita kwenye mavuno, yanaishia kwenye mashamba yaliyokwisha kuvunwa. Siku nayo inatoka kwenye ukungu wa asubuhi hadi machweo. Hata hisi zinabadilika. Ubeti wa kwanza umejaa uzito na utamu wa matunda, wa pili ni wa kutazama, wa tatu ni wa kusikia zaidi. Mwili unaondokewa na vitu vya kushikika, kama inavyotokea uzeeni.

Dalili za kifo zimefichwa ndani ya wingi. Nyuki wanadhani siku za joto hazitakwisha. Mvunaji mwenye mundu, ambaye katika sanaa ya Ulaya ni sura ya mauti, hapa amelala usingizi na mundu wake umesita. Wanakondoo wa machipuko wamekuwa wakubwa, na mbayuwayu wanakusanyika angani, tayari kuhama. Baridi haitajwi, lakini msomaji anajua inakuja.

Umbo la ubeti linashiriki pia. Odi nyingi za Keats za mwaka huo zina mishororo 10 kwa kila ubeti. "To Autumn" ina 11. Mshororo wa ziada unachelewesha kina cha mwisho, na ubeti unakawia kufungika.

Mwaka huohuo, karibu na Florence, Percy Bysshe Shelley aliandika "Ode to the West Wind" kwa mbinu nyingine. Msemaji wake anajitokeza, anakiri kulemewa na wakati, na kuuomba upepo usambaze mawazo yake kama majani makavu. Mbegu zimelala ardhini kama maiti zikingoja machipuko. Shelley anategemea mzunguko wa majira: kinachokufa kitarudi kwa sura nyingine. Keats hauombi mzunguko huo faraja yoyote. Anapoulizia nyimbo za machipuko, anayaambia mapukutiko yasizifikirie, kwa kuwa nayo yana muziki wake. Kwa ufundi huo, ukomo wa maisha unakuwa sehemu ya ukamilifu wake.