Kofia Ngumu na Miwani Yake

Mji mdogo wa Masumbwe, Tanzania, una barabara za aina mbili. Kuna lami inayotoka Isaka kwenda Lusahunga, ambayo malori ya Rwanda na Burundi huipita usiku na mchana. Kisha kuna njia za udongo zinazochepuka kutoka kwenye lami hiyo kwenda kwenye maduara ya dhahabu, kwenye makarasha yanayosaga mawe, mashambani na minadani. Riziki ya bodaboda iko zaidi huko kwenye udongo. Kiangazi kikikolea, pikipiki moja iliyotangulia inatosha kumfunika anayefuata kwa vumbi hadi asione shimo lililo mbele yake. Dereva huyo anahitaji helmeti inayofunika uso mpaka kidevuni, na anahitaji macho yanayoona. Kioo cha kushusha kinachokuja na helmeti nyingi hakimfikishi mbali: mchanga hukikwaruza, naye akikifuta kwa kiganja chenye vumbi hukikwaruza zaidi, jua la jioni likikipiga anaona weupe mtupu, basi anakipandisha juu na kubaki macho wazi. Njia nyingine ni ile waliyoishika siku nyingi waendesha pikipiki wa mashindano ya porini na waendesha baiskeli wanaoteremka milima: helmeti ya taya isiyo na kioo, na ndani ya dirisha lake miwani ya vumbi yenye sponji pembeni na mkanda unaozunguka helmeti kwa nje. Kazi inaanzia hapo, maana vitu hivyo mara nyingi hutoka viwanda tofauti, kila kimoja kikidhani uso wote ni wake. Ninachotetea ni kwamba kuvipatanisha usoni mwa mtu mmoja ni ufundi kamili, wa kuheshimiwa sawa na wa mshonaji au mchomeleaji, na kwamba pasipo ufundi huo fedha iliyonunua vyote viwili imepotea nusu.

Mjuzi wa kazi hii haanzi na miwani. Anaanza na kichwa, kwa utepe wa kushonea unaozungushwa juu kidogo ya nyusi na kupita pale nyuma palipotokeza zaidi. Helmeti ikishavaliwa, anaishika kwa mikono miwili na kuizungusha taratibu kushoto na kulia. Ngozi ya mashavu na ya paji ikifuata, imekaa, na ikizunguka peke yake huku uso umetulia, hiyo ni ya mtu mwingine. Kisha anamfunga mkanda wa kidevu na kujaribu kuivua kwa kuisukuma kutoka kisogoni kwenda mbele. Akiridhika ndipo anaishika miwani, kwanza bila mkanda, aione inavyolala usoni, halafu anaiingiza dirishani. Fremu ikiwa ndefu kupita dirisha, ukingo wa juu wa helmeti huikandamiza chini, puani, na mtu anaanza kupumua kwa mdomo kabla hata ya kuwasha pikipiki. Ikiwa fupi mno, paji hubaki wazi na vumbi lina mahali pa kuingilia. Ikiwa pana, pembe zake hugonga helmeti kwenye panja, sponji inanyanyuka kando ya jicho, na mwanya mwembamba tu unatosha kujaza miwani mchanga. Mkanda nao una maneno yake. Juu ya gamba linaloteleza hupanda polepole na kuivuta miwani juu, ndiyo maana mikanda mizuri ina mistari ya raba kwa ndani. Mwisho mjuzi anamwambia mteja aangalie vidole vyake vya miguu, apanue mdomo, atikise kichwa kama aliye kwenye njia ya makorongo, na muda wote huo anaitazama sponji.

Mtu anaweza kusema huu ni udekaji wa wanamichezo, na kwamba sheria haidai yote haya. Ni kweli Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka mwendesha pikipiki avae kofia ngumu, na askari barabarani atatazama kama ipo kichwani, basi. Lakini tuangalie kofia yenyewe ilifikaje kichwani. Mwaka 1935 T. E. Lawrence, yule Mwingereza aliyepigana bega kwa bega na Waarabu katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alianguka na pikipiki bila kofia na kufa siku chache baadaye. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, Hugh Cairns, aligeukia swali la kukinga kichwa cha mwendesha pikipiki, na mwaka 1941 akachapisha uchunguzi wake juu ya majeraha ya kichwa kwa waendesha pikipiki na faida ya kofia. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyotolewa mwaka 2008 yalikadiria kwamba helmeti hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Huko Hannover, Ujerumani, Dietmar Otte alichunguza ajali na kuona kuwa kama theluthi moja ya mapigo yaliyoipata helmeti yalitua eneo la kidevu, sehemu ambayo kofia za nusu zinazouzwa kwa wingi haziifuniki kabisa. Faida hizo zote zinataka helmeti iwe pale pigo linapotua. Dereva anayeisukuma nyuma kila mara ili miwani isimbane pua ameshautoa upande wa paji kwenye hesabu hiyo, ingawa askari akimwona atampungia mkono apite.

Pingamizi la bei nalichukulia kwa uzito zaidi. Helmeti ya taya ni ghali kwa kijana anayepeleka hesabu kwa mwenye pikipiki kila jioni, na miwani ni gharama nyingine juu yake. Lakini kuvipatanisha hakuongezi bei. Miwani iliyo ndogo kwa dirisha na ile inayoenea huweza kuuzwa kwa fedha ileile kwenye meza ileile. Tofauti ni dakika kumi za kujaribu, na muuzaji anayekubali vitu vyake vishikwe. Palipo na umaskini ndipo kosa la kununua linapouma zaidi, kwa hiyo mjuzi wa vipimo ana thamani kubwa Masumbwe kuliko mahali ambapo mtu hununua nyingine wiki inayofuata.

Hatari kubwa ya uhaba ni kisu. Sponji laini za mashavuni zinaweza kubadilishwa au kupunguzwa, hilo halina ubaya. Lakini ukizitoa utakuta chini yake povu gumu jeupe, na wapo wanaolichonga ili miwani ipate nafasi, au wanaotoboa gamba ili mkanda upate pa kushika. Povu lile lina kazi moja, nayo ni kupondeka badala ya fuvu, na hupondeka mara moja tu. Unene uliochongwa ni ulinzi uliotupwa. Fundi ninayemsifu hapa hujulikana kwa kukataa kazi hiyo. Atamwambia mteja miwani hii haiingii, tafuta nyingine, hata kama anapoteza mauzo.

Limebaki la joto na ukungu, ambalo wengi hulitoa kama sababu ya kuvua vyote. Mwaka 1965 Bob Smith, daktari wa meno wa Marekani aliyependa kuteleza kwenye theluji, alitengeneza miwani ya kioo cha tabaka mbili yenye sponji inayopitisha hewa, na miwani nyingi za theluji za leo zinafuata wazo lake. Tabaka mbili hazisaidii kitu pumzi ikielekezwa ndani. Madereva wa njia za machimbo hufunga kitambaa puani, na wana haki, kwa sababu vumbi la mawe yaliyosagwa huharibu mapafu na miwani haizuii lolote la huko. Ila kitambaa kikipenyezwa chini ya sponji, hewa ya moto hupanda moja kwa moja kwenye kioo. Ukingo wake wa juu ukae chini ya fremu, na matundu ya taya yasizibwe. Jambo dogo kama hilo ndilo linaloamua kama dereva atafika Masumbwe na miwani usoni au shingoni.

Wewe unayekwenda kununua helmeti, nenda na miwani yako mkononi. Vaa vyote viwili palepale mezani, funga mkanda, tazama miguu yako, pumua kwa pua. Paji likibaki wazi au pua ikibanwa, virudishe, hata kama muuzaji ni ndugu yako.