Baada ya Lango: Fasihi ya Gereza na Mtu Anayerudi kutoka Doha

Kiswahili kina jina la mtu katika kila hatua ya safari yake kuelekea gerezani: mtuhumiwa, mshtakiwa, mahabusu, mfungwa. Siku anapotoka, majina hukoma. Huitwa "mfungwa wa zamani", yaani angali mfungwa, ila wa wakati mwingine. Hata Zanzibar, ambako gereza huitwa Chuo cha Mafunzo, anayetoka humo haitwi mhitimu. Hoja yangu ni kwamba pengo hili la msamiati limo pia katika fasihi yetu ya gereza, na kwamba Doha, mji uliovuta maelfu ya walinzi, madereva na watumishi wa nyumbani kutoka Afrika Mashariki, unatulazimisha kulitazama upya.

Tuanze na *Kusadikika* (1951). Shaaban Robert anawapeleka wajumbe sita nchi za mbali; wanarudi na maarifa, na malipo yao ni kifungo. Karama anawatetea, hatimaye wanafunguliwa, na hadithi inafikia tamati. Hatuoni ni nani aliyewapokea majumbani mwao, wala jirani aliyewaita wahaini jana aliwasalimuje asubuhi iliyofuata. Kwa fumbo la kisiasa, mwisho huo unatosha. Kwa swali la kurudi, hautoshi. *Haini* (2003) ya Adam Shafi, iliyochota kutoka kamatakamata iliyofuata kuuawa kwa Rais Karume mwaka 1972, nayo nguvu yake kubwa imo ndani ya kuta. Lango la gereza limekuwa kwetu mpaka wa masimulizi.

*Sauti ya Dhiki* ya Abdilatif Abdalla inaonyesha jambo hili nje ya kurasa. Mshairi alifungwa tangu 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake "Kenya: Twendapi?", na tungo zake alizitunga akiwa kizuizini, akiziandika kwenye karatasi za chooni. Diwani ilichapishwa 1973, ikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1974: tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi. Wakati huo mwenyewe alikwisha kuhamia Tanzania. Baadaye London, kisha Leipzig. Wahakiki tumezoea kuisoma habari hii kama ushindi wa kalamu. Yafaa pia isomwe kama ushahidi wa kinyume: maandishi yalirejeshwa katika jamii kabla ya mtu aliyeyaandika.

Takriban nusu karne baadaye, Mkenya mwingine aliingia kizuizini kwa ajili ya maandishi, safari hii Doha. Malcolm Bidali, mlinzi aliyeandika kwa lakabu ya Noah kuhusu maisha ya wafanyakazi wahamiaji, alikamatwa Mei 2021, akazuiliwa kwa muda akiwa peke yake, kisha akatozwa faini ya riyali 25,000 kwa kosa la kuchapisha habari za uongo. Agosti mwaka huo aliondoka Qatar. Alipokewa vyema na watetezi wa haki kwa sababu ileile inayotufanya tumpokee Abdilatif: tunaamini hakuwa na hatia.

Na mwenye hatia je? Naye tumempa mlango mmoja, ule wa msisimko. John Kiriamiti, aliyefungwa kwa ujambazi na kuachiliwa 1984, alipata wasomaji wengi mno Kenya kwa *My Life in Crime*. Lakini kilichopendwa hapo ni uhalifu wenyewe, kama jina la kitabu linavyokiri. Kati ya shahidi asiye na doa na jambazi wa kusisimua hatujaacha nafasi kwa mtu wa kawaida: aliyetoa hundi isiyo na fedha benki, aliyemwibia tajiri wake, au aliyeripotiwa na mwajiri kuwa ametoroka kazini.

Mtu huyu ndiye Doha inayemrudisha kwetu. Huko ukaazi wa mgeni umefungamana na ajira yake, na aghalabu mgeni aliyetumikia kifungo hufukuzwa nchini. Kwa hiyo nchi iliyomhukumu haina haja ya kuishi naye. Inayopaswa kuishi naye haikuwahi kuisikia kesi yake. Hukumu iliandikwa kwa Kiarabu, mashahidi wako ng'ambo, na cheti cha mwenendo mwema atakachoomba Nairobi hutegemea kumbukumbu za polisi wa hapo nyumbani. Faili lake halimo kabatini. Limo midomoni mwa watu, na kila asimuliaye huongeza ukurasa. Mikono mitupu aliyoshuka nayo uwanja wa ndege inatosha kuwa shtaka.

Hapa ndipo suala la kumrejesha mtu katika jamii linapokuwa la kifasihi kwa maana kamili. Wahenga walisema ng'ombe avunjikapo guu hurejea zizini. Methali inatuhakikishia kwamba atarudi. Haisemi kama zizi litafunguliwa, wala nani atalifungua.

Huenda mtu akauliza: na aliyedhulumiwa, naye ataandikiwa na nani? Swali ni la haki. Riwaya ninayoidai haina kazi ya kumsafisha mkosaji. Kazi yake ni kumweka mezani pamoja na ndugu waliouza shamba kumlipia wakala, na pengine na yule aliyemwibia, aseme alichofanya kwa lugha wanayoielewa wote, nao wajibu. Mfungwa asiye na hatia hutudai hasira tu, na hasira ni rahisi. Aliyekosa, akalipa, akarudi, hutudai nafasi ya kazi, chumba cha kulala na jina la kumwitia. Fasihi haiwezi kumpa viwili vya kwanza. Cha tatu kiko ndani ya uwezo wake, na bado haijakitoa.