Karatasi Haizimi Moto

Wako askari wazidharauo karatasi za kupimia hatari. Husema kwamba vita ni hatari tangu asili, na kwamba kalamu haikupata kumwokoa mtu. Neno hili lina ladha ya ushujaa, lakini yafaa tulipime kabla ya kulikubali.

Tuchukue mfano wa Uingereza. Tarehe 2 Septemba 2006, ndege ya upelelezi ya jeshi la anga la nchi hiyo, aina ya Nimrod, ilishika moto karibu na Kandahar, Afghanistan, muda mfupi baada ya kujazwa mafuta angani. Wanajeshi wote 14 waliokuwamo walikufa. Yaelekea mafuta yalifurika, yakafikia bomba la hewa ya moto, yakawaka mahali ambapo hapakuwa na njia ya kuuzima moto.

Je, hatari hiyo haikupata kuandikwa? Iliandikwa. Ndege za aina hiyo zilikuwa na hati ya usalama, iliyotungwa kati ya mwaka 2001 na 2005 kwa madhumuni ya kuzifichua hatari za namna hiyo hasa. Mwanasheria Charles Haddon-Cave, aliyetoa taarifa ya uchunguzi wake mwaka 2009, aliiona hati hiyo kuwa na kasoro toka mwanzo hata mwisho. Wengi waliohusika waliamini kuwa ndege iliyoruka miaka 30 haina budi kuwa salama; kwa hiyo uchunguzi ukawa kazi ya kujaza kurasa. Hatari nyingi ziliachwa bila kukatiwa shauri, na ile ya moto iliandikwa kuwa si rahisi kutokea.

Mwenye haraka atasema, basi tuzichome karatasi zote. Mimi sikubali. Ndege zile zilianza kazi mwaka 1969. Mafundi waliozijua tangu ujana wao walistaafu mmoja mmoja. Maarifa ya fundi hodari huondoka naye, bali yaliyoandikwa hubaki yakasomwa na mgeni wa kazi. Tena, ni kwa kuisoma hati hiyo mbovu ndipo ilipojulikana fikira zilipotea wapi.

Sisi walimu twalijua kosa hili. Mwalimu anakiliye maandalio ya somo ya mwaka uliopita ana daftari lililojaa na darasa lisilofundishwa. Hatuyafuti maandalio kwa sababu yake; twamtaka ayafikiri upya.

Ndivyo ilivyo jeshini. Karatasi ina thamani ikiwa mwandishi wake ameitazama ndege kwa macho yake, naye yu tayari kuandika neno ambalo mkuu wake hapendi kulisoma. La sivyo, ni heri isiwepo, maana huwalaza usingizi wapaswao kukesha. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa hauzibwi kwa kuandikwa kuwa ni mdogo.