Kikapu cha Buseresere: Shilingi Inanunua Nini Hasa?

Anayesafiri kutoka Geita kwenda Chato hupita Katoro, na kabla hajaona nyumba zimeisha huwa ameshaingia Buseresere. Katoro iko Wilaya ya Geita, Buseresere iko Wilaya ya Chato, lakini kwa mfanyabiashara na mnunuzi mpaka huo hauna uzito. Mahindi, maharage na mihogo ya wakulima hukutana na dagaa wa Ziwa Victoria, na wanunuzi wengi ni watu wanaopata fedha kwa siku: wachimbaji wadogo, wapakia mizigo, vijana wa bodaboda.

Maduka makubwa ya kujihudumia yaliyovuma nchini hayakufika hapa. Shoprite ya Afrika Kusini iliiuzia Nakumatt maduka yake ya Tanzania mwaka 2014, Uchumi ya Kenya ikafunga ya kwake mwaka 2015, na Nakumatt yenyewe ikaanguka muda si mrefu baadaye. Hata hivyo kazi ya supamaketi, yaani kumpa mnunuzi chakula kilichokwisha kupimwa, kufungwa na kupunguziwa taabu ya kupika, inafanyika kila siku dukani, gengeni na kwa mama ntilie. Kinachokosekana ni hesabu iliyo wazi.

Hesabu hiyo huanzia kwenye kipimo. Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 1998, uliwataka wauzaji waandike bei ya kilo au lita pamoja na bei ya pakiti, ili mtu alinganishe bila kukokotoa. Katika masoko ya Kanda ya Ziwa nafaka huuzwa pia kwa debe na kwa sado, lile kopo la rangi la lita 4. Sado hupima ujazo, mizani hupima uzito, na kila kimoja kina mwanya wake. Kwenye sado muuzaji anaweza kupunja kwa kopo lililobonyezwa au kwa kilele kidogo. Kwenye mizani anayelipia hasara ni mnunuzi wa mahindi mabichi. Kiwango cha unyevu kinachokubalika Afrika Mashariki kwa mahindi makavu ni asilimia 13.5. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 18, likianikwa hadi kufikia kiwango hicho, hubaki na kilo zisizofika 95. Kilo 5 za maji zimelipiwa bei ya mahindi, na mzigo wenyewe uko hatarini kuota ukungu wenye sumukuvu, sumu iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016.

Baada ya kipimo huja swali la kinacholiwa. Chukua kitoweo. Kilo moja ya steki mbichi ina takribani gramu 200 za protini. Kiasi hichohicho kinapatikana katika maharage makavu yasiyozidi kilo moja, katika mayai 33 hivi, au katika lita 6 za maziwa. Kwa dagaa wakavu, gramu 400 zinatosha, kwa sababu maji yameshaondoka na samaki huliwa mzima na mifupa yake, jambo linaloongeza kalisi ambayo steki inayo kidogo sana. Msomaji aweke bei za leo za sokoni kwake kando ya vipimo hivyo. Mpangilio utakaotokea ndio thamani halisi. Wa nyama ya mchanganyiko akumbuke kutoa mifupa kwanza, na wa dagaa atoe mchanga. Dagaa walioanikwa kwenye chanja hugharimu zaidi ya wale wa mchangani, lakini anayenunua wa bei nafuu hulipia mchanga, kisha hulipa tena kwa maji ya kuwaosha.

Moto nao una bei, ingawa wengi huusahau. Maharage yasiyolowekwa yanaweza kukaa jikoni saa mbili au zaidi, dagaa huiva kwa dakika chache. Kuloweka usiku kucha hakuna gharama yoyote na hupunguza mkaa kwa kiasi kinachoonekana. Hapa ndipo urahisi unapogeuka kuwa nafuu ya kweli: katika miji mingi ya Tanzania kina mama huuza maharage yaliyokwisha kuchemshwa, na sufuria moja kubwa hula mkaa kidogo kwa kila kilo kuliko majiko ishirini ya watu mmoja mmoja. Mchimbaji anayeishi peke yake, akinunua maharage hayo au sahani ya mama ntilie, si lazima awe anafuja fedha.

Unga ni hadithi tofauti. Anayenunua sembe ya pakiti hulipia weupe, na weupe huo umepatikana kwa kuondoa ganda na kiini, mahali penye mafuta, nyuzinyuzi na sehemu kubwa ya vitamini B. Dona kutoka mashine ya mtaani hubaki na vyote hivyo, ila mafuta ya kiini huifanya ichache mapema, kwa hiyo isagwe kidogo kidogo. Sembe iliyoongezwa virutubishi hurudisha sehemu ya kilichoondolewa; wa pakiti atafute alama yake.

Mafuta ya kupima ndiyo yanayoumiza zaidi. Tuseme lita inauzwa shilingi 6,000 na kipimo cha mililita 100 kinauzwa 700. Lita ya anayepima imefika 7,000, na aliyelipa ziada hiyo ndiye mwenye kipato kidogo zaidi. Tena vitamini A inayoongezwa kwenye mafuta huharibiwa na mwanga, na chupa angavu inayokaa juani barazani huipoteza siku hadi siku.

Wasukuma walikuwa na chakula chao cha haraka zamani sana kabla ya tambi za pakiti. Viazi vitamu vikikatwa na kuanikwa vibichi huwa michembe; vikichemshwa kwanza ndipo vikaanikwa huwa matobolwa, ambayo huliwa hivyohivyo au na karanga. Zaidi ya nusu ya uzito wa kiazi kibichi ni maji, kwa hiyo kilo ya michembe hubeba chakula cha kilo kadhaa za viazi, na hukaa miezi bila jokofu. Kudharau michembe na matobolwa kama chakula cha kijijini ni kosa linaloligharimu tumbo na mfuko.

Kwa hesabu hizi, dagaa wa chanja, maharage yaliyolowekwa, dona iliyosagwa karibuni na michembe ni kikapu kigumu kupitwa na pakiti yoyote ya rafuni. Wenye maduka wa Buseresere na Katoro waandike bei ya kilo kwenye kila mfuko wanaoufunga, na mnunuzi asione haya kuomba mzigo wake uwekwe kwenye mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo.